Mtu 0.37 anaishi wapi? Naomba kueleweshwa gridi za idadi ya watu zinavyopikwa kutoka kwenye sensa

#1 Mpima_Mwendo
Wakuu, habari za humu.

Nina kazi ya kukadiria ni watu wangapi wanaweza kufika kwenye kituo fulani cha afya kwa mwendo wa saa moja kwa miguu. Nimepakua gridi mbili za idadi ya watu, yaani ramani zilizokatwa viraba vidogo (seli), kila kimoja na idadi yake ya watu. Zote zinaitwa za mita mia, na zote zimeandikwa kwamba chanzo ni sensa ileile. Nimekwama mara mbili.

Kwanza, nikibofya seli mojamoja nakutana na namba kama 0.37. Mtu 0.37 ndiyo nani? Kiwiliwili bila miguu?

Pili, jumla ya wilaya nzima inalingana kwenye gridi zote mbili, tofauti ni desimali tu. Lakini nikikata lile eneo langu la saa moja, gridi ya pili inanipa karibu mara tatu ya gridi ya kwanza. Mara tatu! Nani hapa anadanganya?

#2 Nyoka_wa_Msimbo
Natandika mkeka, ngoja wajuvi waje. Hicho kiwiliwili kimenichekesha sana.

#3 Fundi_Pikseli
Hakuna anayedanganya mkuu. Sensa haichapishi watu kwa seli, inachapisha watu kwa eneo lenye mipaka. Ndani ya mpaka huo jedwali halijui nani yuko kona ipi. Anayetengeneza gridi ndiye anayeamua namna ya kuwamwaga.

Njia nyepesi kuliko zote ni kugawa kwa ukubwa wa eneo. Chukua kata yenye watu 1,110 na kilomita za mraba 30. Seli ya mita 100 kwa 100 ni hekta moja, kwa hiyo una seli 3,000. Gawa 1,110 kwa 3,000 unapata 0.37. Mgeni wako ndiye huyo. Ni fungu la kila seli baada ya kugawana sawa.

Gridi ya dunia nzima inayoitwa GPW, ya kituo cha CIESIN pale Chuo Kikuu cha Columbia, inafanya hivyohivyo. Wanaondoa maeneo ya maji, kisha wanagawa sawa kwa sawa. Seli zake ni za sekunde 30 za digrii (sekunde moja ni digrii ukiigawa mara 3,600), kama kilomita moja.

#4 Latitudo60
Fundi umeeleza vizuri, ila nikusahihishe kidogo. Gridi nyingi zinazouzwa kwa jina la "mita mia" ni za sekunde 3 za digrii. Pale ikweta hiyo ni kama mita 93, kwa hiyo seli ni hekta 0.86 hivi. Ukipanda mpaka latitudo 60 upana unabaki nusu, urefu uleule. Mtu anayelinganisha seli za kule na za ikweta bila kugawa kwa ukubwa wa seli anapata msongamano wa uongo.

Gridi ya GHS-POP ya Tume ya Ulaya ina toleo la projeksheni ya Mollweide, yaani namna ya kuilaza dunia kwenye ramani bila kuharibu ukubwa wa maeneo, na hapo mita mia ni mita mia kweli kwa upande wa eneo. Mleta uzi, gridi zako mbili ni za aina moja? Kama moja ni ya digrii na nyingine ya mita, mkato wako wa pembezoni utakuwa na kelele zake, yaani makosa madogomadogo ya hesabu.

#5 Mpima_Mwendo
Asanteni. Latitudo60, zote ni za digrii na niko karibu na ikweta, kwa hiyo hilo halinigusi.

Fundi, hesabu yako imekuja 0.37 kamili kama vile umechungulia skrini yangu, lakini seli zangu si sawa. Jirani ya 0.37 ni 0.41, kisha 0.39, halafu ghafla 2.9. Kama ni kugawa sawa mbona zinatofautiana?

#6 Mama_Uzani
Kwa sababu gridi yako haijagawa sawa, imegawa kwa uzani.

Watengenezaji wanachukua vitu ambavyo vinaonekana kila mahali: umbali kutoka barabarani, mwinuko, aina ya uoto, taa za usiku, majengo. Wanafundisha modeli kwa kiwango cha kata: hapa msongamano ni huu, barabara ziko hivi, taa ziko hivi. Wengi wanatumia msitu wa nasibu, yaani miti mingi ya maamuzi inayopiga kura. Kisha modeli ileile wanaiuliza kila seli: wewe ungekuwa na msongamano gani? Jibu la seli ndilo uzani wake, na watu wa sensa wanagawanywa kwa uwiano wa uzani huo. WorldPop ya Chuo Kikuu cha Southampton inajulikana kwa njia hiyo.

Ndiyo maana jumla ya wilaya haikosei hata siku moja. Imelazimishwa. Modeli ikiwa mbovu kupindukia, jumla itabaki safi. Usikubali mtu akutambie kwamba gridi yake "inalingana na sensa kwa asilimia mia", hiyo ni kama mpishi kujisifu kwamba sufuria ina ujazo uleule kabla na baada ya kukoroga.

#7 Mzee_wa_Dira
Vijana, haya mambo si mapya. Kabla ya kompyuta watu walikuwa wanafanya hivyo kwa kalamu. Ramani za aina hii zinaitwa za dasimetriki, aliyezibuni ni Mmarekani John Kirtland Wright, 1936, na ramani yake ya Cape Cod. Aliondoa sehemu zisizokaliwa, akawarudisha watu kwenye sehemu zinazokaliwa. Kalamu na kifutio tu.

#8 Kumbukumbu_Chakavu
Mzee shikamoo. Wright alizitangaza, hakuzibuni. Neno lenyewe lilitoka Urusi kwa Semenov-Tyan-Shansky, 1911. Na kabla yake kuna Mwingereza, George Poulett Scrope, aliyechora ramani ya dunia ya msongamano wa watu mwaka 1833 kwa mtindo unaofanana na huo.

#9 Mzee_wa_Dira
Marahaba. Nimekubali, ya 1936 ndiyo niliyofundishwa na sikuchimba zaidi.

Ila mmemruka Tobler. Waldo Tobler alitoa njia nyingine mwaka 1979, jina lake linavunja ulimi: piknofilaktiki. Yeye hakutaka barabara wala taa. Alitaka kitu kimoja, uso laini. Fikiria kila kata ni uwanja wenye kifusi chake cha udongo. Unapitisha reki ili mwinuko usikatike kama ukuta pale mpakani, lakini kila ukimaliza duru unapima tena: udongo wa kata hii haupungui wala hauongezeki. Unarudia mpaka milima yote inashikana kwa mteremko. Hiyo ndiyo inayoleta 0.37, 0.39, 0.41 za mleta uzi, zinazopanda polepole.

#10 Mama_Uzani
Mzee, uso wa Tobler hauruki kutoka 0.41 kwenda 2.9 ghafla. Huko kuna kitu, barabara au paa. Mimi bado nasema uzani.

#11 Mzee_wa_Dira
Inawezekana. Na inawezekana hiyo 2.9 iko upande wa pili wa mpaka wa kata. Mwambie afungue mipaka juu ya gridi kabla hujanishinda.

#12 Karani_Mstaafu
Nimesoma mpaka hapa nacheka peke yangu. Mnazungumza kama vile namba ya sensa ilishuka kutoka mbinguni. Mimi nimekuwa karani wa sensa, nimebeba dodoso.

Ramani ya eneo langu la kuhesabia ilionyesha mpaka ni kijito. Kufika, kijito kimehama. Kuna kaya kumi na kitu zilikuwa upande huu kwenye ramani na upande ule kwenye ardhi. Tulikaa na karani mwenzangu juu ya jiwe tukazigawana kwa mdomo, ili zisirudiwe wala zisiachwe. Zimehesabiwa vizuri kabisa, kila mtu mara moja. Lakini ukichukua faili la mipaka ukalimwagia namba zangu, kaya zile utaziweka mahali ambapo hazipo, na hakuna msitu wa nasibu utakaokuokoa.

Jambo la pili. Kuna sensa inayohesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa na kuna inayohesabu mtu pale anapoishi kwa kawaida. Mleta uzi, yako ni ipi? Mgonjwa aliyelazwa, mwanafunzi wa bweni, dereva wa masafa, wote hao wanahama kutegemea swali.

#13 Nyoka_wa_Msimbo
"Tukazigawana kwa mdomo juu ya jiwe." Hapa ndipo takwimu zinapozaliwa jamani.

#14 Karani_Mstaafu
Cheka tu kijana. Jiwe lile lilikuwa na usahihi kuliko faili lako.

#15 Saa_24
Naongeza kwenye hoja ya Karani. Gridi ya LandScan, ya maabara ya Oak Ridge kule Marekani, haijaribu hata kuonyesha mahali watu wanalala. Inakadiria wastani wa saa 24: mtu amelala hapa, anafanya kazi kule, anapita njiani. Kwa hiyo barabara kuu, kiwanda na uwanja wa ndege vinapata "watu" ambao hakuna karani aliyewakuta pale usiku. Mleta uzi akichanganya gridi ya makazi na gridi ya wastani wa siku, mara tatu ni kitu cha kawaida kwenye eneo dogo.

#16 Mpima_Mwendo
Saa_24, nimeangalia maelezo, zote zinasema ni makazi. Na LandScan si mojawapo.

Mzee, nimefungua mipaka. Ile 2.9 iko ndani ya kata ileile, na 0.37 iko upande huohuo. Samahani.

#17 Tajeni_Majina
Mbona unaficha majina ya hizo gridi? Taja tukusaidie vizuri.

#18 Mpima_Mwendo
Sitaji. Sitaki uzi ugeuke vita ya Simba na Yanga.

#19 Paa_kwa_Paa
Naona mnazunguka. Swali la kwanza la kumuuliza ni hili: gridi ipi imefungwa kwenye majengo na ipi haijafungwa?

Gridi isiyofungwa inampa kila kipande cha nchi kavu uzani fulani, hata porini, ndiyo maana una bahari ya 0.37. Gridi iliyofungwa inaanza na tabaka la majengo yaliyosomwa kwenye picha za setilaiti. Seli isiyo na jengo inapata sifuri kavu, na watu wote wanasukumwa kwenye seli zenye paa. Tangu Google watoe Open Buildings mwaka 2021 wakianza na Afrika, na Microsoft nao kutoa ya kwao, kazi hii imerahisika sana.

Sasa angalia kituo cha afya. Hujengwa wapi? Katikati ya makazi. Gridi isiyofungwa imewatawanya watu porini mbali na kituo, iliyofungwa imewarudisha karibu. Mara tatu yako nadhani ndiyo hiyo. Tumia iliyofungwa, kesi imekwisha.

#20 Shamba_la_Seli
Haijaisha hata kidogo. Ngoja niwape kisa.

Mwaka juzi nilikuwa nakagua gridi iliyofungwa, ambayo nami sitaitaja. Kuna seli nne mfululizo, katikati ya eneo tupu, jumla watu 64. Nikasema hiki ni kijiji kidogo, tukiweke kwenye mpango wa chanjo. Kabla ya kusaini nikafungua picha ya setilaiti. Mapaa sita marefu, yamelala sambamba kama kalamu kwenye kopo, kila moja lina urefu wa uwanja wa mpira, pembeni matangi mawili ya malisho. Wale 64 walikuwa kuku.

Modeli iliona paa, paa kubwa, ikasema hapa kuna familia. Na kumbuka jumla imelazimishwa: wale 64 wameibwa kutoka kwenye nyumba za kweli za kata ileile. Kila ghala na kila nyumba ya plastiki ya kulimia maua inakula watu wa mtu mwingine.

#21 Nyoka_wa_Msimbo
Kuku wa chanjo 🤣🤣 Walichanjwa lakini?

#22 Shamba_la_Seli
Walikuwa wameshachanjwa na mwenyewe.

#23 Kikokotoo
Mimi nina kero tofauti na hakuna aliyeigusa. Ripoti zinachukua gridi iliyopikwa kwa taa za usiku na barabara, halafu zinahitimisha kwa mbwembwe kwamba "watu wengi wanaishi karibu na barabara" na "penye mwanga pana watu". Ulichoweka ndani ndicho umekitoa nje! Ni kama kuficha ufunguo chini ya zulia halafu kutangaza umegundua kwamba funguo hupatikana chini ya zulia.

Kwa utafiti wa namna hiyo mimi narudi kwenye gridi ya kijinga, GPW. Haijui barabara, haijui taa. Ujinga wake unanipa amani.

#24 Mama_Uzani
Kikokotoo, hoja ya mzunguko nakubaliana nawe. Lakini amani yako ni ya bei ghali. GPW inategemea ukubwa wa maeneo ya sensa iliyopewa. Toleo la nne lina maeneo zaidi ya milioni 12, ila sehemu kubwa mno ni ya Marekani peke yake. Kwingine eneo moja linaweza kuwa na ukubwa wa maelfu ya kilomita za mraba, na watu wanapakwa humo kama siagi, jangwa na mji sawasawa. Kwa kazi ya mwendo wa saa moja kwa miguu, hapo huna kitu.

#25 Kikokotoo
Kweli kwa kazi yake. Si kweli kwa kazi yangu.

#26 Latitudo60
Wenzetu Finland hawakisii kabisa. Rejista ya watu inamfunga kila mkazi kwenye jengo lenye koordineti, kwa hiyo wanajumlisha tu ndani ya mraba wa mita 250 au kilomita 1. Na kwa duru ya sensa ya 2021 nchi za Umoja wa Ulaya zilitoa takwimu kwa miraba ya kilomita 1.

#27 Dodoso_Tupu
Na wasio na sensa je? Lebanon sensa yao ya mwisho ni 1942, Kongo ya Kinshasa 1984, Afghanistan 1979 na hata hiyo haikukamilika.

#28 Kumbukumbu_Chakavu
Lebanon ni 1932.

#29 Dodoso_Tupu
1932, sawa, kidole kiliteleza. Hoja yangu: huko hakuna cha kugawa. Wanageuza njia, wanaanzia chini. Wanatuma timu kuhesabu kila kaya kwenye vipande vichache, wanapata uhusiano wa majengo na watu, kisha modeli inajaza kwingine. Nigeria imefanyiwa hivyo, sensa yao ya mwisho ni 2006. Uzuri ni kwamba kila seli inakuja na kiwango chake cha mashaka. Hizi za kugawa kutoka juu zinakupa 0.37 kwa uso mkavu bila kusema "huenda".

#30 Mabwawa
Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto wa 2025 nadhani unawahusu. Walichukua mabwawa 307 kwenye nchi 35. Bwawa likijengwa watu huhamishwa na huhesabiwa ili walipwe. Wakalinganisha hesabu hizo na gridi tano maarufu za miaka ya 1975 hadi 2010. Gridi zilipungukiwa watu wa vijijini kwa wastani wa asilimia 53 hadi 84. Kwa hiyo mleta uzi, huenda hata ile namba yako kubwa ni ndogo.

#31 Fundi_Pikseli
Utafiti huo naujua na sijaumeza wote. Mahali panapojulikana patalipwa fidia, watu huongezeka kwenye orodha. Halafu eneo la bwawa ni bonde la mto, kipande chembamba, ndipo gridi zote hukosea zaidi. Na data ni za zamani, kabla ya haya majengo ya setilaiti.

#32 Mabwawa
Fidia inaweza kuongeza, na serikali zinazolipa zina sababu ya kupunguza. Hujui ipi inashinda. Kipande chembamba ndicho hasa tunachokitumia: eneo la mafuriko, duara la kituo cha afya. Huwezi kuniambia gridi ni nzuri isipokuwa pale ninapoihitaji.

#33 Karani_Mstaafu
Na vijijini karani huachwa atembee mwenyewe. Nasema tu.

#34 Hasi_Milioni
Niwapoze kidogo. Mara ya kwanza nashika gridi hizi nilijumlisha nchi nzima nikapata watu hasi, mamilioni. Nchi inadaiwa watu! Kumbe baharini wanajaza namba ya kuashiria "hakuna data", kitu kama -99999, na mimi nimeijumlisha pamoja na watu. Nikarekebisha, nikaenda kupunguza kutoka mita 100 kwenda kilomita 1, programu ikachukua wastani badala ya jumla. Nchi ikabaki na mtu mmoja kati ya kila mia. Bosi akauliza kama kumetokea vita.

Mpima_Mwendo, umebadilisha ukubwa wa seli popote?

#35 Mpima_Mwendo
😳 Nipeni dakika.

#36 Saa_24
Wakati tunamsubiri: hata Marekani, ambako maeneo ya sensa ni madogo hadi kitalu cha nyumba, sensa ya 2020 waliongeza kelele kwa makusudi, yaani walipandisha na kushusha namba kidogo kwa kubahatisha, kwenye vitalu ili kulinda siri za watu. Jumla ya jimbo haikuguswa, ila ukishuka kitaluni utakuta nyumba zenye wakazi na hesabu ya watu sifuri. Kwa hiyo eneo dogo si dawa ya kila kitu.

#37 Mpima_Mwendo
Mrejesho.

Hasi_Milioni, Mungu akubariki. Gridi ya kwanza niliibadilisha kidogo ili ilingane na ya pili, na nilitumia wastani. Seli zilikuwa karibu sawa kwa ukubwa, kwa hiyo haikuharibu sana, ila pembezoni pa eneo langu ilikula watu. Nimerudia kwa jumla.

Paa_kwa_Paa naye amepatia: ya pili imefungwa kwenye majengo, ya kwanza haijafungwa. Baada ya marekebisho tofauti imeshuka kutoka karibu mara tatu hadi mara mbili na ushee.

Ili kuikagua hiyo iliyofungwa nimechagua seli 40 kwa kubahatisha ndani ya eneo langu, nikahesabu mapaa kwa macho kwenye picha ya setilaiti. Seli 31 zina nyumba kama gridi inavyosema. Sita zina paa moja kubwa linalonitia shaka, Shamba_la_Seli ungeyapenda. Tatu sijui nilichokiona, labda miamba.

Kwa hiyo sehemu ya pengo ni kufungwa kwa majengo, sehemu ni makosa yangu, na kuna kipande bado sijui ni cha nani. Karani, nimeomba faili la mipaka ya zamani. Kuna mto.

#38 Karani_Mstaafu
Nilijua tu kuna mto.

#39 Paa_kwa_Paa
31 kati ya 40. Kesi imekwisha.

#40 Mabwawa
Ulihesabu seli ambazo gridi imeweka watu. Sasa chagua 40 ambazo imeweka sifuri, uone mapaa ya nyasi mangapi setilaiti haikuyaona.

#41 Mpima_Mwendo
Aisee. Hapo umenipa kazi ya wiki.

#42 Nyoka_wa_Msimbo
Na yule 0.37 umemwona?

#43 Mpima_Mwendo
Nimeifungua seli yake. Kuna mti mmoja, na njia ya miguu inapita chini ya kivuli.

#44 Saa_24
Basi ni yeye, anapita. Mimi nilisema wastani wa saa 24 mkanipuuza.